HERUFI MBILI KWENYE KIOO: Historia ya Lenzi ya Jichoni na Mwezi Wetu wa Tuwan



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.) aliyeufanya mwezi kuwa kipimo cha nyakati kwa watu na kwa Hijja, kama tunavyosoma katika Suratul Baqara aya ya 189. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetufundisha kufunga kwa kuandama mwezi na kufungua kwa kuandama mwezi, na kama mawingu yametuzibia tukamilishe siku 30 bila kubishana.

Ndugu msomaji, neno hilo la mwisho, bila kubishana, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sote tunajua yanayotupata kila mwaka ikifika tarehe 29 ya Shaaban na tarehe 29 ya Ramadhan. Huyu anasema mwezi umeonekana Saudia, yule anasema tunangoja tangazo la Kadhi Mkuu, na wa tatu simu yake imejaa jumbe hata hajui aamini upi. Nyumbani kwetu Tuwan kuna mwaka ambao baba alisali Idd siku moja, na ami yangu, ambaye tunakaa naye ploti moja, akasali siku iliyofuata. Nyanya alipika pilau siku mbili mfululizo. Hakulalamika, lakini siku zote mbili alikuwa akitazama mlangoni, maana kila siku kulikuwa na mtoto wake mmoja ambaye hayuko mkekani.

Sasa, katika hali hiyo, ndugu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Ghuba akarudi likizo na kutuletea vijana zawadi ya darubini. Ilikuwa ndani ya boksi lenye picha ya sayari ya Zohali yenye rangi za kupendeza, na pembeni imeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inakuza mara 525. Wallahi tulifurahi! Tukasema fitina ya mwezi imekwisha Tuwan. Jioni ya tarehe 29 tukaenda uwanjani na wazee wetu, tukafunga ile lenzi yenye nguvu kuliko zote. Tulichokiona ni ukungu wa kijivu unaotetemeka. Tukageuza huku na huku, hakuna kitu, mpaka adhana ya Isha. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Wanangu, hiki ni kitu cha kuchezea watoto." Tukarudi tumeinamisha vichwa.

Wiki iliyofuata vijana wakakutana. Shauri likatolewa tuchange pesa tununue lenzi kubwa zaidi, yenye nguvu zaidi. Kwa kuwa mimi nasomea ualimu wa fizikia chuoni, nikaambiwa nikachunguze. Nilianza na vile viooo viwili vidogo vilivyokuja ndani ya boksi, vile vya kutia jichoni. Kimoja kimeandikwa H 20mm na kingine SR 4mm. Nikajiuliza, hizi herufi ni za nini? Kumbe H na R ni majina ya watu, na nyuma ya majina hayo kuna historia ya miaka elfu moja. Tena mwanzo wa historia hiyo ni kwetu.

MZEE WETU WA BASRA

Al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965, na akafariki Cairo karibu mwaka 1040. Kabla yake, wengi waliowafuata wanafalsafa wa Kiyunani waliamini kwamba jicho linatoa miali inayokwenda kukigusa kitu, na ndiyo tunaona. Ibn al-Haytham akauliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la nne angeuliza: kama jicho ndilo linalotoa mwanga, mbona ukilitazama jua linakuumiza? Katika kitabu chake Kitab al-Manazir, alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11, alionyesha kwa majaribio kwamba mwanga unatoka kwenye kitu na kuja jichoni. Alitumia chumba chenye giza na tundu dogo, akapima namna mwanga unavyorudi kwenye kioo na unavyopinda ukiingia majini au kwenye bilauri.

Kabla yake kidogo, mwaka 984, mwanachuoni mwingine wa Baghdad, Ibn Sahl, alikuwa ameandika juu ya vioo na lenzi za kuchomea, na humo mna kanuni ya kupinda kwa mwanga ambayo Ulaya iliijua zaidi ya miaka 600 baadaye. Kitabu cha Ibn al-Haytham nacho kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikasomwa sana, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Huko wanamwita Alhazen.

Lakini ndugu zangu tuwe wakweli, maana ukweli ni amana. Kuna vijana wenzetu wanapenda kusema Waislamu ndio waliogundua darubini. Si kweli. Ibn al-Haytham hakutengeneza darubini. Alichokifanya ni kikubwa zaidi pengine: alifundisha ulimwengu namna ya kuona kunavyofanyika, na akafundisha kwamba dai lolote, hata la mwalimu mkubwa, lipimwe. Haifai tumheshimu kwa kumsingizia kazi ya mwenzake.

LENZI MBILI KWENYE BOMBA

Miwani ya kusomea ilianza Italia karibu mwaka 1286. Ilichukua zaidi ya miaka 300 mpaka mtu akaweka lenzi mbili kwenye bomba moja. Mwezi wa Oktoba 1608, fundi miwani wa Uholanzi aitwaye Hans Lippershey aliomba haki ya kumiliki chombo cha kuvuta vitu vya mbali karibu. Habari zikaenea haraka. Mwaka 1609 Galileo Galilei, aliyekuwa akifundisha Padua, akajitengenezea yake, akaiboresha mpaka ikakuza kama mara 20. Mwezi wa Januari 1610 akaona nyota ndogo zikiizunguka sayari ya Mshtarii, ile tunayoiita Jupita shuleni.

Hapa sasa ndipo tunakutana na jambo letu. Kila darubini ina sehemu mbili. Ya mbele, kubwa, kazi yake ni kukusanya mwanga. Ya nyuma, ndogo, ndiyo unayotia jichoni, na kazi yake ni kuikuza ile picha iliyokusanywa. Galileo alitumia lenzi ya jichoni iliyobonyea katikati. Picha yake ilikuwa imesimama sawa, lakini ni kama kuchungulia kwa tundu la ufunguo: hata mwezi mzima haukuweza kuenea mara moja. Alilazimika kuutazama kipande kipande.

Mwaka 1611 Johannes Kepler akaandika kwamba lenzi ya jichoni iliyotuna ingefaa zaidi. Uwanja wa kuonea unapanuka, ila picha inapinduka, miguu juu kichwa chini. Wanaastronomia wakasema hewala, kwani nyota haina kichwa wala miguu. Tangu hapo darubini za angani zinapindua picha mpaka leo. Likumbuke hilo ndugu msomaji, tutalirudia, maana kwa mwezi muandamo lina uzito wa ushahidi.

H NI NANI, SR NI NANI?

H ni Christiaan Huygens, Mholanzi aliyeugundua mwezi mkubwa wa Zohali mwaka 1655 na kueleza mwaka 1659 kwamba Zohali ina pete. Tatizo la zama zake lilikuwa rangi. Lenzi moja inautawanya mwanga kama upinde wa mvua, kwa hiyo kila nyota inavaa rangi nyekundu na samawati pembeni. Katika miaka ya 1660 Huygens akagundua kwamba ukichukua lenzi mbili za kawaida, ukazitenga kwa umbali maalumu, makosa ya rangi ya moja yanafutwa na ya pili. Hakuhitaji kioo cha gharama, alihitaji hesabu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1703 akiwa ameshafariki.

R ni Jesse Ramsden, fundi Mwingereza, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1780 alipanga lenzi mbili kwa namna nyingine, na S ni ya kusema kwamba lenzi zake zinalingana. Kwa hiyo, boksi letu la juzi lilikuwa na maarifa ya karne ya 17 na ya 18! Usicheke. Muundo wa zamani si lazima uwe mbaya, unategemea unautumia kwa kazi gani.

Baada yao wakaja wengine, na herufi zao utazikuta madukani. K ni Carl Kellner wa Wetzlar, Ujerumani, aliyeboresha kazi ya Ramsden mwaka 1849 kwa kuunganisha lenzi mbili za aina tofauti za kioo ili rangi zipungue. PL ni Georg Simon Plössl wa Vienna, aliyetoa muundo wake mwaka 1860: lenzi nne, yaani jozi mbili zinazotazamana. Or ni muundo wa Ernst Abbe wa mwaka 1880, ambao haupindishi mistari.

Angalia ajabu ya Plössl. Kwa kuwa ulihitaji lenzi nne za kusagwa vizuri, ulikuwa ghali, na wapenda nyota wa kawaida wakauacha kwa muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya Asia vikaanza kuusaga kwa wingi, na leo ndiyo lenzi nzuri iliyo rahisi kuliko zote. Wakati huo huo, Mmarekani Al Nagler, aliyewahi kufanya kazi ya lenzi za mashine za kufundishia marubani wa Apollo, akatoa lenzi yenye uwanja mpana wa digrii 82. Ni nzuri mno, ila moja tu inaweza kuzidi bei ya darubini yetu nzima mara kadhaa. Kwa hiyo si kila kilicho bora duniani ni bora kwako.

HESABU YA DARASA LA SITA

Sasa twende kwenye lile neno la mara 525. Hesabu yake ni kugawanya tu. Kila lenzi ina urefu wa fokasi, yaani umbali ambao inakusanya mwanga mpaka ukakutana. Darubini yetu imeandikwa 700 mm ubavuni. Gawanya kwa nambari iliyo kwenye lenzi ya jichoni:

700 ÷ 20 = mara 35.
700 ÷ 4 = mara 175.

Na ndani ya boksi kulikuwa na lenzi ya tatu ya Barlow, ambayo inazidisha mara 3. 175 × 3 = 525. Basi ndiyo siri yenyewe. Hawakudanganya hesabu, walidanganya maana yake. Lenzi ya mbele ya darubini yetu ina upana wa 60 mm, na kanuni ya wapenda nyota ni kwamba usizidi mara 2 kwa kila milimita, yaani 120. Ukizidisha hapo hupati kitu kipya, unakuza ukungu tu. Ni kama kuongeza maji kwenye chai: kikombe kinajaa, lakini sukari ni ile ile.

Kuna hesabu ya pili iliyo muhimu zaidi kwa mwezi. Ile SR 4mm inakuonyesha kipande cha anga cha kama digrii 0.2. Mwezi wenyewe una upana wa digrii 0.5. Yaani tulikuwa tunautafuta mwezi muandamo, uzi mwembamba kwenye anga yote ya magharibi, kwa tundu ambalo hata nusu ya mwezi haienei! Tena dunia inazunguka, anga inahama digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo chochote kinachoingia kwenye tundu hilo kinatoka kabla ya dakika moja kwisha. Hapo hata Galileo angerudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Na ile H 20mm tuliyoidharau kwa sababu nambari yake ya kukuza ni ndogo? Inaonyesha anga ya kama digrii moja, miezi miwili ikae sambamba. Na kwa kuwa darubini yetu ni ndefu na nyembamba, ndiyo aina hasa ambayo lenzi ya Huygens inafanya kazi vizuri. Lenzi sahihi tulikuwa nayo mfukoni usiku ule ule. Tulikosa elimu, hatukukosa pesa.

MLIMA WETU NA VIDOLE VYA IBN MAJID

Nikaendelea kuchunguza, nikagundua tatizo lingine ambalo hakuna lenzi inayoliondoa. Sisi wa Kitale magharibi yetu ni Mlima Elgon. Kilele chake kina mita 4,321, na Kitale iko kama mita 1,900. Kilele kiko kama kilomita 50 kutoka kwetu. Ukipiga hesabu, mlima unatuzibia kama digrii mbili na nusu za anga pale unaposimama. Kwa mwendo wa digrii moja kila dakika 4, hizo ni dakika 10. Ile miezi ambayo jua linatua upande wa mlima, mwezi muandamo unatupotea dakika 10 kabla ya kuzama kwa haki. Na mwezi mchanga wa siku ya kwanza mara nyingi hukaa chini ya saa moja tu baada ya jua. Dakika 10 si kidogo.

Unaweza kulipima hili bila chombo chochote, na hapa tena tunarudi kwa wazee wetu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, waliokuwa wakishuka kwa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Kilwa, walipima urefu wa nyota kwa vidole, na kwa ubao mdogo wenye kamba ya mafundo uitwao kamal. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, pwani ya Ghuba, aliandika vitabu vya elimu hiyo, na njia za pwani yetu ya Afrika Mashariki zimo. (Tulifundishwa kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, lakini wanahistoria wengi wa leo hawalikubali hilo.) Kipimo chao, isba, yaani kidole, kilikuwa kama digrii moja na dakika 37 hivi. Nyoosha mkono wako jioni uelekee Elgon, ulaze vidole. Utaona mlima unakula kama kidole kimoja na nusu.

Wenzetu wa Bungoma je? Kwao Elgon iko kaskazini. Magharibi yao, kuelekea Malaba, iko wazi zaidi. Tena jua linatua kwao kama dakika 2 baada ya kwetu. Basi kwa nini darubini ya tarehe 29 ikae Tuwan wakati Bungoma wana anga nzuri kuliko yetu, na ni mwendo wa matatu tu?

TUNUNUE NINI BASI?

Nimewaletea vijana wenzangu ripoti hii, na nawaandikia na ninyi wasomaji mnaotaka kuanza.

Kwanza, pima mdomo wa darubini yako kabla ya kutoa hata shilingi. Lenzi za jichoni zina vipimo viwili vya kawaida: 24.5 mm kwa darubini nyingi ndogo za zamani, na 31.7 mm kwa nyingi za leo. Ukinunua 31.7 mm na mdomo wako ni 24.5 mm, utahitaji kiunganishi. Kipo, lakini ulizia kwanza.

Pili, kama una pesa za lenzi moja tu, nunua Plössl ya 25 mm. Kwa darubini yetu itakuza mara 28 na kuonyesha anga ya karibu digrii 1.8, zaidi ya miezi mitatu ikipangwa. Madukani ng'ambo Plössl ya kawaida ni kati ya dola 30 na 60, kabla ya usafiri na ushuru. Ya pili, ukijaliwa, iwe ya 10 mm. Mara 70 inatosha kabisa kukuonyesha pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii.

Tatu, usivutiwe na mkoba wenye lenzi kumi na vioo vya rangi. Lenzi mbili nzuri zinashinda kumi za kubahatisha. Na ukiona nambari ndogo kama 4 mm kwenye lenzi ya bei rahisi, jua tundu lake ni dogo kiasi kwamba kope zinagusa kioo, na mwenye miwani haoni kitu.

Nne, mafundi wa zamani walikuwa wakitoa lenzi za jichoni kwenye darubini mbovu za mikono miwili, zile za wanajeshi na watalii. Nyingi ni za aina ya Kellner na zinafaa. Tena, kwa mwezi muandamo hasa, darubini nzima ya mikono miwili ya 7×50 au 10×50 ni bora kuliko darubini yetu ndefu, kwa sababu inaonyesha digrii 6 au 7 za anga kwa mara moja.

Tano, usipanguse kioo kwa kanzu wala kwa shati. Vumbi la Kitale ni mchanga, litachora. Lipulize kwanza, kisha tumia kitambaa laini safi.

Na tusidhani haya ni ya matajiri. Mwaka 2009, mwaka wa kimataifa wa astronomia, wataalamu walitoa darubini ya kujiunganishia iitwayo Galileoscope, lenzi ya mbele 50 mm, inakuza mara 25, na mwanzoni iliuzwa dola 15. Mradi wa Telescopes to Tanzania umepeleka darubini kwenye shule za nchi jirani. Hapa Kenya, Susan Murabana na mumewe wamekuwa wakizungusha darubini mashuleni kupitia The Travelling Telescope. Watoto wa kijijini wameshaiona Zohali kwa macho yao. Sisi wa madrasa tusibaki nyuma.

TAHADHARI YA JUA

Tarehe 3 Novemba 2013, nikiwa mtoto, jua lilipatwa. Kule Turkana watu walikwenda kuona likifunikwa lote, na hapa Kitale tuliliona likiliwa sehemu kubwa jioni. Ustadh wetu alitukusanya tukasali, kisha akatukataza kabisa kulitazama hivi hivi. Nilimwona ni mkali. Leo namwombea dua.

Ile jioni yetu ya darubini, kijana mmoja wa miaka kumi hivi aliielekeza magharibi wakati jua bado halijazama. Mzee mmoja alimdaka bega akamvuta. Ndugu zangu, lenzi inayokusanya mwanga wa nyota inakusanya na moto wa jua. Ni sekunde tu na jicho limekwisha, na halina dawa. Zile chujio ndogo za jua zinazofungwa kwenye lenzi ya jichoni zitupeni, kwa sababu zinaweza kupasuka kwa joto. Sheria yetu ya Tuwan sasa ni moja: hakuna anayefungua kifuniko cha darubini mpaka jua lizame lote na mtu mzima aseme limezama.

USHAHIDI NA MOYO

Nilisema tutarudi kwa Kepler. Huku kwetu karibu na Ikweta, mwezi muandamo mara nyingi hulala chali kama dau, ncha zimeelekea juu. Kwenye darubini inayopindua, ncha zinaelekea chini. Sasa shahidi akienda kwa kadhi akaulizwa ncha zilielekea wapi, akasema chini, ataonekana mwongo naye ni mkweli. Kwa hiyo kila anayetazama lazima ajue chombo chake kinapindua au hakipindui, na aandike saa aliyoona na mahali aliposimama.

Je, kuona kwa darubini kunakubalika? Hilo ni la wanazuoni, si la mwanafunzi wa fizikia. Ninachojua ni kwamba mwaka 1403 Hijria, yaani 1983, Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilikubali kutumia vyombo vya kutazamia kusaidia kuona, na wako wanazuoni wanaoshikilia jicho tupu. Sisi tupeleke ushahidi wetu kwa wahusika, na wao waamue.

Na lenzi haiwezi kumaliza khilafu zote. Mwezi ukiwa karibu mno na jua, chini ya digrii 7 hivi kama alivyoeleza Mfaransa André Danjon miaka ya 1930, jicho halitauona hata ulete lenzi ya Nagler. Wala hakuna lenzi itakayojibu kama tufuate mwezi wa kwetu au wa Makka. Swali hilo ni la tangu zama za Masahaba. Kurayb alirudi Madina kutoka Sham akasema huko waliuona mwezi usiku mmoja kabla, na Ibn Abbas (R.A.) akaendelea na mwezi wa Madina. Hatukusoma kwamba walitukanana. Hatukusoma kwamba walikatana undugu.

Tulikubaliana hivi: zile pesa zilizochangwa hazikununua lenzi kubwa. Zilinunua Plössl moja ya 25 mm na kiunganishi chake, na zilizobaki zikaenda kwenye futari ya majirani wasio na uwezo. Sasa tunapanga na wenzetu wa Bungoma wasimame na darubini upande wa Malaba, sisi tusimame Tuwan na darubini ya mikono miwili, tupigiane simu.

Nilipomweleza nyanya mpango huu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mkishauona, baba yako na ami yako watakula pamoja?" Nikasema inshaallah. Akasema, "Basi hiyo lenzi ije."

Nami nawaombeni, baba zangu na ami zangu: kama tutauona, tuupokee pamoja. Na kama mwaka huu pia tutatofautiana, basi anayefunga amtembelee aliyekula Idd, na aliyekula Idd asile mbele ya mwenye saumu. Adabu hiyo haihitaji darubini.

Ramadhan Mubarak. Wabillahi tawfiq.